Vidonge vya Tumbo vya Maame Abrafi

Kwenye boksi la dawa palichorwa mwanamke mjamzito, kasimama upande, tumbo mbele, na juu yake umepita mstari mwekundu kama wa askari anayekataza magari. Maame Abrafi aliliinua boksi hadi usawa wa macho, akalitazama, kisha akacheka mpaka ikabidi ashike kaunta.

"Bwana Tawiah, huyu naye kakosa nini?"

"Hajakosa kitu, Maame," alisema Tawiah, mwenye duka la dawa, mtu mpole ambaye miwani yake ilikuwa na mguu mmoja wa waya. "Maana yake mwenye mimba asimeze hii. Inamtoa mtoto."

"Basi mimi nichoreeni mistari miwili. Mwaka kesho nafika sabini. Nikipata mimba utaulizwa wewe, maana ndiye mwanamume pekee ninayemtembelea kila wiki."

Wateja wawili waliokaa benchini waliangua kicheko. Tawiah alijifanya anatafuta mkasi.

Maradhi yenyewe hayakuwa ya kucheka. Maame Abrafi aliuza nyanya katika soko la Techiman kwa miaka arobaini, na magoti yake yalikuwa yamechoka kabla yake. Ili magoti yanyamaze alimeza vidonge vya maumivu, asubuhi viwili, jioni viwili, na vile vidonge vya magoti ndivyo vilivyomtoboa tumbo. Daktari alimwambia aache. Maame alimjibu kwamba mtoto huyu mwenye magoti mapya asimfundishe mtu mzima kuchuchumaa. Daktari akashindwa, kama wengi waliomtangulia, akamwandikia dawa nyingine ya kulilinda tumbo na ile dawa ya kwanza. Ndiyo hii yenye picha.

Boksi alilitupa nje ya duka, maana lilikuwa kubwa na vidonge ni vidogo. Alivifunga kwenye ncha ya kanga yake, akaenda zake, anachechemea na bado anacheka.

*

Paa la Maame Abrafi lilifunika watu watatu: yeye, mwanawe Asirifi aliyetengeneza nyaya za magari, na Dufie mke wa Asirifi, mshonaji. Dufie alikuwa na mimba ya miezi mitatu na wiki mbili. Kati ya watu watatu hao, mmoja alikuwa hajui.

Kwao mimba changa haitajwi. Mwanamke husema hajisikii vizuri, na wenye akili hutazama pembeni. Lakini mama mkwe wa nyumba moja hafichwi hivyo, na hapo ndipo Asirifi alipoongeza sheria yake. Mimba mbili zilikwishatoka. Ya kwanza, Maame aliitangaza sokoni kabla haijafunga mwezi wa pili. Alizungusha habari kwa kila mwenye meza, akarudi na kanga za mtoto za kutosha kuvalisha pacha. Ya pili aliinong'ona, lakini mnong'ono wa Maame husikika mpaka kwenye machinjio. Zilipotoka zote mbili, Konadu, dada yake Asirifi, alimpelekea nabii wake jambo hilo, na nabii akaona mkono wa mzee ndani ya nyumba.

"Simwamini nabii," Asirifi alimwambia mkewe. "Ila safari hii mama asijue. Tumbo lijitangaze lenyewe. Niahidi."

Dufie aliahidi. Mshonaji anajua kukata gauni la kuficha, na Maame alirudi jioni magoti yakilia, macho hayana kazi tena isipokuwa kutafuta kiti.

Jioni ile Asirifi alikuwa bado gereji. Wanawake wawili walikaa uani wakila fufu katika bakuli moja, jua likiwa bado juu ya ukuta wa jirani. Dufie alimeza tonge la pili, akaweka kiganja kifuani.

"Moto?" Maame aliuliza.

"Kidogo tu, Mama."

"Unapanda mpaka kooni?"

"Unapanda."

"Na asubuhi je? Maana nakusikia unatema."

Dufie aliinamia bakuli. "Na asubuhi."

"Vidonda vya tumbo hivyo, mkwe wangu. Karibu chamani. Mimi ni mwenyekiti." Maame alikwishaanza kufungua ncha ya kanga. "Si unakaa na njaa kutwa nzima kwenye cherehani, halafu usiku unakula pilipili? Tumbo halina adabu, linajila lenyewe."

"Nitakunywa ile dawa nyeupe ya maji, Mama. Inatosha."

"Ile chokaa? Ile ni ya kupaka ukuta. Inazima moto wa juu, kaa linabaki chini. Hivi ni vya hospitali, daktari mwenyewe ameandika. Toa mkono."

Vidonge viwili vilikaa kwenye kiganja cha Dufie, vidogo, vyeupe, havina jina wala picha. Alivitazama. Alijua kwamba mwenye mimba hamezi ovyo. Mkunga alimwambia hivyo kliniki. Lakini kukataa dawa ya mama mkwe kunataka sababu, na sababu aliyokuwa nayo alikwishaahidi asiitoe. Na ni dawa ya tumbo tu. Kuna nini katika dawa ya kiungulia?

"Ni vya nini hasa, Mama?"

"Vya kulinda tumbo. Meza, nakuangalia. Nilimlea mumeo kwa kumbana pua, nitakubana na wewe."

Dufie alicheka, akameza. Asubuhi, kabla ya kwenda sokoni, Maame alimwekea viwili vingine juu ya kifuniko cha sufuria, pamoja na kipande cha mkate ili asimeze na tumbo tupu. Kipande kile alikikata kwenye mkate wake.

*

Mchana wa siku ile Dufie alikuwa anampima mteja kiuno wakati kiuno chake mwenyewe kilipokatika. Alikaa. Aliposimama, mteja ndiye aliyeona kiti. Mama yule hakupiga kelele. Alivua kitambaa cha kichwani akamfunga nacho, akasimamisha teksi, na akamshika mkono hadi wodi ya wazazi.

Mkunga wa zamu alikuwa mwanamke mnene aliyesimama tangu alfajiri. Hakuwa mkatili, alikuwa amechoka, na uchovu ukikaa sana hufanana na ukatili.

"Ulimeza nini?"

"Sijameza kitu, Madam. Dawa ya tumbo tu."

"Ya tumbo gani?"

"Kiungulia. Vidonda vya tumbo."

Mkunga alimgeukia mwenzake. "Umesikia? Naye ana vidonda vya tumbo! Wodi hii yote ina vidonda vya tumbo. Kitanda cha tano ana miaka kumi na saba, anasoma, naye ana vidonda vya tumbo." Akarudi kwa Dufie. "Vyeupe vidogo?"

"Ndiyo."

"Dada, dawa hiyo ndiyo inayofungua mji wa mimba. Ninyi nyote mnaijua. Msije hapa mkanifanya mimi mtoto."

Ndipo Dufie alipojua. Alilala pale miguu juu, akatazama feni isiyozunguka, na jambo likamwingia polepole kama maji yanavyoingia kwenye kiatu.

"Nani alikupa? Taja, tumkamate."

Dufie alifunga macho.

"Nina pete, Madam," alisema baadaye. "Hii ni ya tatu kutoka. Nilikuwa naitaka."

"Pete haijawahi kumzuia mtu kumeza," mkunga alisema, akaandika.

Asirifi, aliyeitwa kutoka gereji, ndiye aliyepewa faili alipeleke dirishani. Alitembea nalo kwenye ukumbi mrefu, mkono wake una grisi, akijitahidi asilichafue. Alilifungua ili tu aone kama pana sehemu ya kutia sahihi. Kwa wino wa bluu, herufi safi za mtu aliyesoma, paliandikwa: *Mimba imetolewa kwa makusudi. Vidonge. Anakataa kumtaja aliyempa.*

Alirudi kitandani akasimama miguuni.

"Dufie. Ulimeza vidonge?"

"Nilimeza. Vya tumbo. Sikujua."

"Alikupa nani?"

Kitanda cha pili mtu alikuwa anakunywa uji kwa kelele.

"Alikupa nani, Dufie?"

"Sikuitoa mimba, Asirifi. Nakuapia kwa kaburi la mama yangu. Niamini hilo, mengine yaache."

"Nitaaminije nusu?"

Dufie aligeukia ukuta. Mtu akishataja jina la mama mkwe kwenye mimba ya tatu, hakuna atakayeuliza jina la dawa. Watauliza nabii alisema nini.

*

Maame Abrafi aliambiwa kwamba ni malaria. Aliamini, akampikia supu ya kuku wa kienyeji, akaipeleka mlangoni pa chumba, na akashangaa kwa nini mwanawe amelala kwenye kochi.

Siku ya tatu Konadu alikuja. Konadu hakai kwanza. Anaanza kusema akiwa bado getini.

"Mama, hukuambiwa? Si malaria. Mkwe wako alikuwa na mimba, ameitoa. Ameitoa kwa vile vidonge vya vidonda vya tumbo, wasichana wote wanavitumia. Kaka kasoma kwa macho yake. Mimi nilisema zamani, yule anataka cherehani, hataki mtoto. Lakini hakujipa mwenyewe, na aliyempa hamtaji. Nabii atamtaja!"

Maame alikuwa anachambua kontomire, yale majani ya magimbi. Aliendelea kuchambua. Alitupa majani kwenye takataka na vikonyo kwenye bakuli, na Konadu akaendelea kusema, na Maame akaendelea kutupa majani na kuweka vikonyo.

Konadu alipoondoka, mzee aliinuka akaingia chumbani kwa Dufie bila kubisha hodi. Alifunga mlango. Hakukaa kitandani, alikaa sakafuni, na kwa magoti yale hilo halikuwa jambo dogo.

"Ilikuwa na miezi mingapi?"

"Mama, inuka hapo."

"Mingapi?"

"Mitatu na nusu."

Maame alihesabu kwa vidole, akafika kidole cha tatu, akakishika.

"Niliiona ile picha," alisema. "Niliicheka. Nilimwambia Tawiah anichoree mistari miwili. Dufie, niliicheka picha ya mwanangu!"

"Sauti, Mama. Punguza."

"Nipunguze kwa nini? Naenda kumwambia mwanangu sasa hivi."

Dufie aliinuka kwenye mto kwa nguvu ambazo alikuwa hana. "Hutamwambia mtu. Umenisikia? Konadu yuko wapi? Anakwenda kwa nani akitoka hapa? Mimi wataniita mtoa mimba, nitarudi kwetu, nitashona. Wewe watakuita mchawi. Unajua wanavyowafanya wazee wanaoitwa hivyo. Yule bibi wa nyuma ya machinjio, amekaa wapi leo?"

"Amekufa."

"Basi."

Nje mtu alipita akiuza sabuni, akiitaja kwa wimbo.

"Ungenitemea tu," Maame alisema. "Ungesema, bibi wewe, sitaki uchafu wako."

"Ungejua."

"Ningejua, ndiyo. Na ningejua, ungekuwa nayo."

*

Kikao kilikaa Jumamosi saa kumi, uani. Mjomba Boadu, kaka yake Maame na mkubwa wa ukoo, alikaa kiti chenye mikono. Mjomba wa Dufie alikuwa amefika kutoka Wenchi na shati la kuazima, na hakuegemea kiti chake hata mara moja. Mezani ilisimama chupa ya pombe kali ya jini ambayo haijafunguliwa. Kila aliyekuwapo alijua: chupa ile ikikubaliwa na upande wa mke, ndoa imekwisha.

Dufie alikaa kwenye stuli, mikono mapajani. Aliulizwa mara tatu nani alimpa dawa, na mara tatu alisema hakuitoa mimba.

"Binti," Mjomba Boadu alisema, "mtu asiye na kosa huwa na jina la kutaja."

"Na mwenye hawara pia huwa na jina," Konadu alisema, "ila hilo halitajwi."

Mjomba wa Dufie alitazama viatu vyake.

"Asirifi," mzee akauliza, "unasemaje? Mke ni wako."

Asirifi alikuwa hajanyoa siku sita. "Faili limesema, Mjomba. Mimi niseme nini juu ya daktari?"

Basi Mjomba Boadu akanyoosha mkono kuishika chupa, aisogeze upande wa pili wa meza. Hapo Maame Abrafi akasema kutoka kwenye mlango wa jiko:

"Iache. Hiyo tutainywa msibani kwangu."

Watu walitabasamu nusu, wakingoja mzaha uliobaki. Haukuja. Maame alitembea hadi mezani, akafungua ncha ya kanga, akaweka karibu na chupa kipande cha karatasi ya bati chenye vidonge vilivyosalia.

"Mimi ndiye niliyempa. Viwili jioni, viwili asubuhi, na mkate. Ni vyangu vya tumbo. Alisema kifua kinamwaka, nikamwambia meza. Muulizeni Tawiah kama si vyangu."

Dufie alisema, "Mama," mara moja tu.

Konadu alikwishasimama, mikono kichwani. "Nabii alisema! Si alisema? Mkono wa mzee, ndani ya nyumba! Mama, tumekukosea nini?"

"Nabii wako alisema mkono," Maame alimjibu. "Hakusema kidonge. Angesema kidonge, ningekitupa. Kaa chini, Konadu, nilikuzaa mimi, sikukula wewe."

"Dada yangu," Mjomba Boadu alisema polepole, "ulijua dawa ile inafanya nini?"

"Dawa niliijua. Tumbo la mwanamke sikulijua." Akageuka, akawatazama mmoja mmoja. "Na hilo nauliza mimi sasa. Nalala ukuta mmoja na mtoto huyu. Nakula naye bakuli moja. Kwa nini sikujua? Nani alisema nisijue?"

Asirifi alikohoa. Dufie alimtazama mumewe, akamtazama sana, kama mtu anayengoja mwenzake amalizie kuvuka barabara. Asirifi alisoma maandishi ya chupa.

"Nilificha mimi," Dufie alisema.

Asirifi akaendelea kusoma chupa.

Mjomba Boadu alifuta uso kwa leso. Hukumu yake ilikuwa fupi na ilikuwa na huruma, kwa kadiri alivyoijua huruma. Dufie hana kosa, jina lake limesafishwa, chupa irudi ndani. Lakini dada yake, kwa faida yake mwenyewe, aende kijijini kwao Offuman akapumzike. Habari kama hii ikifika sokoni, hakuna atakayesubiri kuelezwa habari ya magoti na daktari.

"Kidogo tu," alisema.

"Kidogo ni siku ngapi, kaka?"

Mjomba Boadu aliinuka akaomba maji ya kunywa.

*

Sokoni habari ilimtangulia. Jumatatu Maame alikwenda kuikabidhi meza yake. Wanawake aliokaa nao miaka arobaini walimsalimu vizuri, kwa adabu nyingi, na kila mmoja aliyekuwa na mjukuu mgongoni alikumbuka shughuli upande mwingine. Aliwatania wawili watatu. Walicheka haraka kuliko kawaida.

Jumanne asubuhi Asirifi alimpakilia mzigo kwenye gari la Offuman: godoro, masufuria mawili, kapu la nyanya ambazo hazikuuzwa. Vidonge Maame aliviacha mezani. Tumbo lilikuwa linamuuma tangu kikaoni, alitembea ameinama, lakini alisema hawezi tena kuvitia mdomoni. Dufie alitoka mpaka getini. Mzee alimshika mashavu kwa viganja vyote viwili.

"Nitukane," Maame alisema. "Hata kidogo. Nitasafiri vizuri zaidi."

Dufie alifungua kinywa. Siku zile zote alipolibeba jambo peke yake, lilikuwa zito lakini halikuwa na uso. Sasa lilikuwa na uso, tena uso anaoupenda, na hakuweza kuutazama.

"Safari njema, Mama," alisema, akajitoa kwenye ile mikono taratibu, kwa heshima.

Gari liliondoka. Asirifi alirudi ndani akiwa na macho mekundu, na kwa mara ya kwanza tangu hospitali akazungumza kwa sauti yake ya zamani.

"Dufie, nisamehe. Sasa najua."

"Unajua nini?"

"Kwamba hukuitoa."

"Nilikuambia hivyo hospitalini, nikiwa natoka damu."

"Ndiyo, lakini sasa mama amesema..."

"Mama amesema," Dufie alirudia.

Aliingia chumba walicholala, akatoka na mto, shuka moja na mkasi wake wa kushonea. Alivuka ua, akafungua chumba cha Maame Abrafi. Kilikuwa kinanuka nyanya na dawa ya kuchua. Palipokuwa na godoro palibaki kibao kitupu cha kitanda. Alitandika shuka juu ya kibao.

Asirifi alisimama nje ya mlango. "Kitanda hicho hakina godoro, Dufie. Utaumia." Kisha, "Kesho nitakwenda hospitali, nitawaambia walifute lile faili."

"Kawaambie," alijibu kutoka ndani. "Lakini wao waliliandika tu, Asirifi. Wewe uliliamini."

Akafunga mlango. Asirifi alisikia komeo likisukumwa, komeo la zamani la mama yake, ambalo utotoni hakuwahi kulisikia likifungwa mchana.